Wafu Wanaotembea na Wafu Tunaowaombea

Novemba ya mwaka jana, Jumamosi moja usiku, Padre Gambera alikuwa akipita karibu na ukumbi wa mapumziko akasikia mtu akipiga ukunga. Alifungua mlango akatukuta mafrateri saba tumejikunyata mbele ya kompyuta moja, umeme umekatika, na kwenye kioo mtu mwembamba mwenye suti iliyochakaa akija kwa kuyumbayumba katikati ya makaburi. Hakutukemea. Alisimama nyuma yetu dakika mbili tatu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Ninyi mnaojiandaa kuhubiri ufufuko wa wafu, mnatafuta nini huku?” Akatutakia usiku mwema, akaenda zake.

Hatukumjibu. Tulicheka kwa aibu, tukasubiri hatua zake zipotee, tukaendelea kutazama. Lakini swali lilibaki. Sasa Novemba imerudi, mwezi ambao Kanisa linatuelekeza kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu, nasi tumeona tumjibu Padre Gambera humu jaridani. Jibu lenyewe si fupi, kwa sababu katikati ya mwaka huu lilitutoa ukumbini likatupeleka hadi makaburini.

Kwanza tuumalize ukunga ule. Haukutokana na filamu. Mlinzi wetu wa usiku alipita dirishani akiburura viatu vya mvua, tochi ameielekeza chini, na wakati huohuo yule mtu wa kwenye kioo alikuwa akiburura miguu vilevile. Aliyepiga kelele ni mtu anayetarajia ushemasi, Mungu akipenda, kwa hiyo hatutamtaja.

Filamu hiyo inaitwa Night of the Living Dead, ya mwaka 1968. Iliongozwa na George A. Romero, kijana aliyekuwa akitengeneza matangazo ya biashara pamoja na wenzake mjini Pittsburgh, Marekani. Hawakuwa na studio kubwa nyuma yao. Watu kumi walichanga dola 600 kila mmoja ili kazi ianze, kisha wakaendelea kuchangisha mpaka gharama zote zikafika kama dola 114,000. Nyumba ya shambani ambamo karibu hadithi yote inatokea ilikuwa ikisubiri kubomolewa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, maana picha ni nyeusi na nyeupe na hakuna ambaye angejua tofauti. Wafu wenyewe walikuwa marafiki, majirani, na baadhi ya watu waliotoa fedha zao. Sisi tuliozoea harambee za kuezeka vigango, ambapo aliyetoa mabati ndiye huyohuyo anayepanda juu kuyapigilia, tuliipenda kazi hii hata kabla ya kuielewa.

Tuliipata bila gharama. Jina la filamu lilipobadilishwa kabla ya kutolewa, alama ya hakimiliki ilisahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Frateri mmoja aliileta kwenye flashi kutoka likizo, tukaanza hivyo.

Tangu hapo tumetazama nyingi za aina hiyo, za zamani na za fedha kidogo. Tumejaribu pia zile za gharama kubwa, ambamo wafu hukimbia kwa maelfu na miji mizima huanguka. Hizo tunazisahau kabla chai ya asubuhi haijapoa. Tumejiuliza sababu, na tunadhani ni hii: aliye na fedha anakuonyesha kila kitu, nawe huna kazi yoyote zaidi ya kutazama. Asiye na fedha anakuachia giza ulijaze mwenyewe. Anakuonyesha mlango uliopigiliwa mbao, watu wawili wanaobishana wajifungie chini au wabaki juu, redio inayotoa habari nusunusu, na kimya. Humo kwenye kimya kila mtu huweka hofu aliyokuja nayo.

Mfano mzuri kuliko yote tuliyoiona ni I Walked with a Zombie ya mwaka 1943. Iliongozwa na Jacques Tourneur, na mtayarishaji wake alikuwa Val Lewton wa studio ya RKO. Lewton alipewa masharti magumu: kila filamu isizidi dola 150,000, iwe fupi, na jina lake litoke kwa wakubwa wa studio. Kwa jina lile la kuuzia tiketi sokoni alitengeneza kitu cha upole kinachokaribia huzuni ya kanisani. Muuguzi kutoka Kanada anakwenda kisiwa kimoja cha Karibi kumhudumia mke wa mwenye shamba, mwanamke anayetembea lakini hasemi wala hatambui mtu. Usiku mmoja muuguzi anamshika mkono, wanapita katikati ya miwa. Unachosikia ni upepo ndani ya majani na ngoma kwa mbali. Kwenye njia panda amesimama mtu mrefu, macho wazi, hasogei. Hakuna anayeng’atwa wala kukimbizwa. Ni mwendo tu.

Yeyote aliyewahi kutembea usiku kati ya mahindi marefu kwenda kumwita padre aje ampake mgonjwa mafuta matakatifu anaujua mwendo huo. Anajua jinsi majani yanavyosuguana, jinsi unavyojizuia kugeuka nyuma, na jinsi unavyoanza Salamu Maria ukajikuta umeirudia sehemu moja mara nne. Watu wa studio ile walijenga shamba lao la miwa kwa bajeti ndogo, na sisi tukaliona shamba la nyumbani.

Kuna jambo jingine lililotufanya tuione hadithi hii kuwa ya nyumbani. Zombi wa kwanza hakuwa mla watu. Habari zake zilitoka Haiti, nchi ambayo Wafaransa waliigeuza shamba la miwa na kahawa lililolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa Kongo. Wataalamu wengi hulihusisha neno zombi na lugha za huko Kongo. Kwa watu hao kifo kilikuwa pumziko pekee lililobaki, na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba hata hilo mtu angenyang’anywa, akafufuliwa na mchawi arudishwe shambani. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932, iliyopigwa kwa siku chache tu, inakionyesha kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na wafu. Mwenye kiwanda anajisifu kwamba watu wake hawalalamikii saa nyingi za kazi. Mmoja wao anateleza na kuanguka ndani ya mashine. Wenzake wanaendelea kusukuma.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa. Huyo tunamwita msukule. Tangu utotoni tumesikia habari za mtu aliyezikwa huku mwili wa kweli umechukuliwa, na kaburini umelala mgomba. Kwamba yeye yuko kwa fulani, analima usiku, analishwa pumba, ulimi umekatwa asiseme. Bweni letu lilijaa mizaha ya aina hiyo. Frateri akichelewa kuamka kwa ajili ya Masifu ya Asubuhi, tulisema jana usiku alikuwa shambani kwa watu.

Ile filamu ya muuguzi tuliitazama Jumamosi iliyofuata, na wakati wa mwendo ule wa kwenye miwa mtu mmoja alitoa mzaha huo huo. Wote tulicheka. Mwenzetu mmoja, ambaye kitanda chake kiko dirishani, aliinuka akatoka nje. Tulidhani anakwenda msalani. Filamu ilikwisha bila yeye kurudi.

Tulimkuta kwenye ngazi za kikanisa. Hatutaandika yote aliyotuambia, na haya tunayoandika ameyasoma kwanza. Ametuomba tusitaje jina lake wala kijiji chao, na amefuta sentensi mbili. Miaka miwili kabla ya hapo, kaka yake alikufa kwa ajali ya bodaboda. Siku hizo mama yao alikuwa amelazwa hospitalini, hajiwezi, na wazee wa ukoo waliamua maziko yasisubiri. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikuta tuta la udongo na msalaba wa mbao. Hakuona uso wala hakusikia jeneza likishuka, na wala hakuketi matangani na wanawake wenzake. Miezi michache baadaye jirani alisema amemwona kijana sokoni, wilaya ya pili. Kisha akaja mhubiri mmoja wa kupita, akamwambia mama kwamba mwanawe hakufa, amechukuliwa msukule, na kwamba anaweza kurudishwa kwa maombi na sadaka. Mama aliuza mbuzi wawili. Tangu siku hiyo kila jioni aliacha sahani ya chakula imefunikwa mezani, na mlango wa uani hakuufunga kwa komeo.

“Ndiyo maana sikuweza kukaa,” mwenzetu alisema. “Yule mwanamke anavyotembea na macho wazi. Mama yangu anamwona mwanawe hivyo kila siku.”

Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumeshasoma somo la mambo ya mwisho, tungeweza kueleza hukumu ya mtu binafsi, toharani na ufufuko wa miili kwa mpangilio mzuri wa mtihani. Tuliketi naye tu. Kengele ya kimya kikuu iligonga, hakuna aliyeinuka. Baadaye mmoja wetu alimwomba radhi kwa niaba ya wote, akaitikia kwa kichwa.

Likizo ya Krismasi watatu kati yetu tulikwenda naye kwao, Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mama alitupokea vizuri mno. Tulimwamkia, akaitikia shikamoo ya kila mmoja peke yake, akatupikia ugali na maharage. Jioni tuliiona sahani ya tano imefunikwa pembeni. Hakuna aliyeitaja.

Siku ya pili, tulipokuwa tunapukuchua naye mahindi ya akiba, alituuliza. “Ninyi mafrateri mmesoma. Mwanangu yuko wapi?”

Mmoja wetu alianza kumweleza juu ya roho isiyokufa na huruma ya Mungu. Alisema vizuri, na Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu. “Anapigwa?”

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tukikitazama Jumamosi zote zile. Mama huyu hakuwa na tatizo la katekisimu. Alikuwa akilala kila usiku akiwaza kwamba mtoto wake yuko shambani kwa mtu, ana njaa, anachapwa, na hawezi kumwita mama kwa kuwa hana ulimi. Ilikuwa ileile hofu ya watumwa wa Haiti, imekaa kwenye kigoda mbele yetu ikipukuchua mahindi.

Aliyemjibu ni mwanawe. “Hapana, Mama. Hapigwi na mtu. Nilimwosha mimi.”

Hakuwa amewahi kumwambia. Alidhani kumwambia ni kumwongezea jeraha. Sasa akamweleza taratibu: nani alichota maji, shati lipi alimvisha, jinsi kifungo cha pili kilivyokuwa kimekatika akakishona, kovu la utotoni la panga kwenye goti, jinsi baridi ya mkono ilivyomfanya aamini. Mama alisimamisha kazi. Aliuliza kuhusu kovu mara mbili, goti la upande gani. Kisha akalia, si kwa sauti kubwa, na wanawake wa jirani wakaja mmoja mmoja wakaketi naye, kama matanga yaliyochelewa miaka miwili.

Tusiongeze chumvi. Jioni hiyo sahani ilifunikwa kama kawaida, na usiku tulisikia mlango wa uani ukigongana na upepo, haukufungwa. Asubuhi Mama hakuwepo ndani. Tulimkuta kaburini na jembe. Kwa miaka miwili alikuwa hajaling’oa jani hata moja pale, kwa kuwa aliyepalilia kaburi amekubali kwamba kuna mtu ndani yake. Alikuwa amefika katikati ya tuta. Alituambia tusisimame tu, tukachukue majembe mengine. Kabla ya likizo kwisha padre paroko aliadhimisha Misa pale nyumbani, na Mama mwenyewe ndiye aliyetaja jina la marehemu kwenye maombi.

Tuliporudi tuliitazama upya ile filamu ya 1968, na safari hii mwenzetu alikaa mpaka mwisho. Tuliona mambo ambayo mwanzo tuliyaruka tukisubiri kutishwa. Hadithi inaanza na kaka na dada waliosafiri mwendo mrefu kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Dada anapiga magoti kusali. Kaka analalamikia umbali na gharama, anamtania, hamkumbuki vizuri baba yake. Huyo ndiye wa kwanza kuuawa. Baadaye, televisheni ndani ya ile nyumba inatangaza kwamba kila maiti ichomwe mara moja, na wafiwa wasiwe na ibada ya maziko. Mwishoni yule kaka anarudi katika kundi la wafu, anamshika dada yake na kumvuta nje gizani. Hamtambui.

Na yupo Ben, ambaye mwigizaji wake, Duane Jones, alikuwa Mmarekani mweusi. Anaupita usiku wote akiwa hai kwa akili na bidii yake. Asubuhi kikosi cha watu wenye bunduki kinakuja kusafisha eneo. Wanamwona dirishani kwa mbali, hawajisumbui kutazama vizuri, wanampiga risasi. Kisha wanamburuta kwa kulabu mpaka kwenye moto pamoja na wengine. Romero amesimulia kwamba yeye na mwenzake walikuwa njiani kwenda New York na filamu ikiwa garini, Aprili 1968, waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa.

Sasa tunaweza kumjibu Padre Gambera. Tunachokitafuta huku, Padre, ni kujua kinyume cha kile tutakachohubiri, kwa sababu huku kinaonekana waziwazi. Zombi ni mwili unaotembea bila mtu ndani yake: hana jina, hatambui ndugu, hapumziki. Lakini siku ya Pasaka Bwana mfufuka anamwita Maria kwa jina bustanini, anawaonyesha wanafunzi makovu yake, anakula samaki mbele yao. Makovu hayakufutwa, Mama yule aliyeuliza juu ya goti angeelewa sababu. Lazaro alipotoka kaburini, Yesu aliagiza kwanza afunguliwe sanda, aachwe aende zake. Hakufufuliwa ili akafanye kazi ya mtu.

Tumejifunza pia kwamba kuzika wafu, tendo la huruma ambalo tulilikariri tukiwa watoto, ni kazi nzito. Tobiti alihatarisha maisha kuwazika watu wa taifa lake. Mfu ambaye hatukuruhusiwa kumzika huendelea kutembea. Hatembei barabarani, anatembea ndani ya mama yake. Na wapo wanaojua kulitoza fedha giza hilo. Siku tutakapokuwa mapadre, wafiwa wakija na habari za msukule, tunaomba tusiwajibu kwa kicheko wala kwa hotuba kabla ya kuuliza nani alimwosha marehemu, na nani hakuwepo. Kuwatazama watu kwa mbali na kuwaita wajinga nako ni kubeba kulabu.

Mizaha ya msukule imekoma bwenini, hakuna aliyeikataza. Jumamosi za filamu zinaendelea, na siku hizi Padre Gambera huja akitaka kiti cha nyuma. Mwenzetu anasema nyumbani sahani ni nne sasa wakienda wageni watatu pamoja naye. Kuhusu mlango wa uani hajatuambia, nasi hatujamwuliza.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, muumini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, akiwa ametimiza masharti ya kawaida, anaweza kuwapatia rehema kamili. Ukienda, chukua na jembe.